Sonona iliyogomea dawa: kisa cha mtumishi wa Dodoma na tiba ya sumaku

Jina, ofisi, tarehe na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mgonjwa vimeondolewa au kubadilishwa. Dozi za dawa na alama za madodoso zimebaki, kwa kuwa bila hizo kisa hiki hakifundishi kitu.

Mgonjwa alivyofika

Bi. T. ana miaka arobaini na kitu, mtumishi wa umma, mama wa watoto watatu. Ni mzaliwa wa Kongwa, akafanya kazi Dar es Salaam kwa muda mrefu, kisha akarudi Dodoma na ofisi yake serikali ilipoanza kuhamia huku. Alipofika kliniki ya magonjwa ya akili alikuwa katika kipindi cha tatu cha sonona maishani mwake, nacho kilikuwa kimeshavuka miaka miwili. Akishtuka usingizini saa tisa usiku halali tena. Ofisini alikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima asimalize barua moja. Alikuwa ameacha kwenda kwaya, na hata misiba ya jirani alituma rambirambi kwa simu, jambo ambalo mumewe alilitaja kama ishara kubwa kuliko zote.

Dodoso la PHQ-9, linalopima uzito wa sonona (alama zikiwa nyingi, sonona ni nzito), lilitoa alama 21 kati ya 27. Swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, alilijaza sifuri mumewe akiwa pembeni. Alipoulizwa tena kwa mdomo akiwa peke yake, alikiri kwamba mawazo hayo humjia karibu kila siku, ingawa hakuwa na mpango wala njia aliyoiandaa. Hili lisishangaze. Kanuni ya Adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na mtumishi wa umma ana sababu zaidi ya kuogopa karatasi yenye jina lake. Sifuri ya swali la tisa isipokelewe kabla ya mazungumzo ya faragha.

Familia ilikuja na ombi lililokwisha kuiva. Mume alifungua kwenye simu video ya tiba ya sumaku "binafsi". "Daktari, tumeona kuna sumaku inapimwa kwa ubongo wa mtu mwenyewe, siku tano anapona. Sisi tunaomba barua ya rufaa tu, nauli tutahangaika wenyewe." Kliniki haikuwa na mashine hiyo, kwa hiyo rufaa ilimaanisha safari ya nje ya nchi.

Je, dawa zilishindwa, au hazikujaribiwa?

Sonona huitwa sugu pale dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi kamili na kwa wiki sita hadi nane, zinaposhindwa kuleta nafuu ya maana. Orodha ya Bi. T. ilikuwa ndefu, lakini ilipopangwa kwa dozi na muda ikawa fupi.

Amitriptilini alitumia miezi minane kwa miligramu 25 usiku. Dozi hiyo husaidia usingizi na maumivu ya neva. Kwa sonona mtu mzima huhitaji kwa kawaida miligramu 75 hadi 150. Jaribio hilo halikuhesabiwa. Fluoksetini alitumia miligramu 20, kisha 40, jumla miezi minne, na daftari la duka la dawa lilithibitisha kwamba alikuwa akichukua kila mwezi. Hilo lilihesabiwa. Olanzapini iliongezwa juu ya fluoksetini, akanenepa kilo saba, akaiacha wiki ya tano. Hilo ni nusu jaribio.

Wakati wa ziara ya kwanza mgonjwa aliombwa kuleta mfuko wa dawa zote zilizoko nyumbani, hata zile anazoona hazihusiani na ugonjwa. Humo zilikutwa dawa mbili ambazo hazikuwa kwenye jalada lolote: tramado, aliyoinunua mwenyewe kwa ajili ya mgongo, vidonge viwili hadi vinne kwa siku, na diazepamu ya miligramu 5 kila usiku kwa zaidi ya mwaka. Mfuko huu ulibadilisha kila kitu kilichofuata. Tramado hushusha kizingiti cha degedege, yaani hufanya degedege lije kwa urahisi, na ikichanganywa na dawa za kundi la fluoksetini huweza kuzidisha serotonini, kemikali ya ubongo, mwilini hadi kiwango cha hatari. Diazepamu nayo imehusishwa katika tafiti kadhaa na matokeo hafifu ya tiba ya sumaku. Mgonjwa angepanda ndege na mfuko ule, angewekwa chini ya koili ya mashine ya sumaku akiwa na hatari asiyoijua mtu.

Vipimo vya damu: homoni ya tezi ya shingo (TSH) ilikuwa sawa, VVU hakuna, sukari sawa, himoglobini 9.4. Upungufu wa damu ulitibiwa kwa madini ya chuma, na uchovu ulipungua kidogo, huzuni haikutikisika. Maswali ya kutafuta vipindi vya uchangamfu uliopitiliza yaliulizwa kwa mgonjwa na kwa dada yake, hayakuonyesha kitu. Pombe hatumii.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuisubirisha rufaa. Mume hakufurahi, na ilibidi aelezwe kwa kalenda: wiki nane. Sertralini ilianzishwa kwa miligramu 50 na kupandishwa hadi 150. Tramado iliondolewa hatua kwa hatua kwanza, sertralini ikafuata, na diazepamu ikapunguzwa kwa miligramu 1 kila wiki mbili. Mgongo uliachiwa parasetamo na mazoezi. Mwanasaikolojia alianza vikao vya kila wiki vya kurejesha shughuli, cha kwanza kikiwa kutembea hadi gengeni na kurudi.

Litiamu ilizungumzwa ikaachwa, kwa sababu upatikanaji wake haukuwa wa kutegemea na kiwango chake kwenye damu kingehitaji kupimwa mara kwa mara. Tiba ya umeme kwenye ubongo ilielezwa pia: ndiyo yenye nguvu zaidi kwa sonona nzito, na mgonjwa angekuwa na sauti zisizokuwepo, au amegoma kula, au ana mpango wa kujiua, sumaku isingekuwa mjadala. Hakuwa na hayo. Familia ilikataa umeme.

Mwisho wa wiki ya nane kwenye sertralini miligramu 150, PHQ-9 ilikuwa 18. Sasa dawa mbili kamili zilikuwa zimeshindwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D ulionyesha kwamba hatua ya tatu ya dawa huponya kabisa takribani mtu mmoja kati ya saba, kwa hiyo kuongeza vidonge tu hakukuwa na mvuto.

Sumaku inafanya nini, na "binafsi" maana yake ni ipi

Koili ya waya huwekwa juu ya fuvu na kupitishiwa mkondo mkali wa umeme kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Uga wa sumaku unaozaliwa hupenya mfupa bila kuumiza na kuamsha umeme mdogo kwenye seli za juu ya ubongo. Mbinu hii ilionyeshwa mara ya kwanza na Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa sonona mwaka 2008. Mgonjwa yuko macho, hachomwi sindano ya usingizi, na anarudi alikofikia kwa miguu yake.

Shabaha ni eneo la mbele la ubongo, upande wa kushoto, juu kidogo ya paji. Tatizo ni namna ya kulipata. Njia ya zamani ilikuwa kutafuta sehemu inayochezesha kidole gumba, kisha kusogea sentimita 5 mbele, kana kwamba vichwa vyote vimetoka kiwanda kimoja. Njia ya F3, inayotumia tepu tatu za kupimia (kutoka mwanzo wa pua hadi kisogoni, sikio hadi sikio, na mzunguko wa kichwa), ni bora na haihitaji picha. Njia ya tatu hutumia picha ya MRI ya mgonjwa pamoja na kamera inayofuata koili kwenye skrini. Ya nne, ile ya kwenye video, hutumia MRI inayoonyesha maeneo ya ubongo yanavyopanda na kushuka pamoja mtu akiwa ametulia: hutafutwa nukta ya mbele kushoto ambayo shughuli yake inakwenda kinyume zaidi na eneo la ndani linalohusishwa na huzuni. Hiyo ndiyo ramani ya mawasiliano ya ubongo, nayo ndiyo maana ya "binafsi".

Itifaki (utaratibu wa tiba) ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliunganisha shabaha hiyo na dozi kubwa: vikao 10 kwa siku, dakika 50 za mapumziko katikati, siku 5, mapigo 1,800 kila kikao, jumla 90,000. Katika jaribio lililochapishwa 2022 lenye watu 29, kundi lililopata tiba halisi lilipungukiwa dalili kwa wastani wa zaidi ya 50% baada ya wiki nne, kundi la tiba bandia takribani 11%. Ruhusa ya Marekani ilifuata mwaka huohuo.

Familia iliambiwa namba hizo, na ikaambiwa upande wa pili pia. Jaribio la Uingereza la BRIGhTMIND lililochapishwa 2024, lenye watu 255, lililinganisha shabaha ya mawasiliano ya ubongo na shabaha ya kawaida inayoongozwa na picha. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuonekana. Watu 29 wanatosha kuonyesha kwamba kitu kinafanya kazi; hawatoshi kuonyesha ni kiungo kipi cha mchuzi kinachofanya kazi, shabaha, wingi wa mapigo au mpangilio wa vikao. Kwa mtu wa Dodoma anayelipia malazi ugenini, kivutio cha kweli cha itifaki hiyo ni siku tano badala ya wiki nne au sita.

Picha ya ubongo na uamuzi mkubwa

Kabla ya rufaa timu iliomba CT ya kichwa (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka), kipimo ambacho miongozo ya nje haikisisitizi kwa mtu asiye na historia ya degedege. Sababu ni ya hapahapa. Mgonjwa alikulia kwenye nyumba iliyofuga nguruwe, katika ukanda ambao tegu wa nguruwe anafahamika. Mabuu yake yakifika ubongoni huweza kufa na kugeuka chokaa kimyakimya, kisha yakawa chanzo cha kifafa miaka mingi baadaye. CT huona chokaa vizuri kuliko MRI ya kawaida.

Ilionekana doa moja la chokaa, milimita chache, upande wa kulia nyuma ya katikati, bila uvimbe kuzunguka. MRI haikuonyesha mabuu hai. Kipimo cha umeme wa ubongo kilikuwa cha kawaida. Mgonjwa na mama yake mzazi waliulizwa juu ya kuzimia, kukakamaa, kujikojolea usingizini: hakuna.

Je, doa hilo linazuia sumaku? Si katazo kama klipu ya chuma kwenye mshipa wa ubongo au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa. Ni kiongeza hatari. Degedege katika tiba hii ni nadra, chini ya mtu mmoja kwa kila elfu, lakini takwimu hizo zinatoka hasa kwa watu waliochujwa wasiwe na madoa. Timu na kituo cha nje, kilichoko India, walikubaliana mambo matatu: itifaki ya vikao kumi kwa siku iachwe, kitumike kikao kimoja kwa siku cha mapigo 600 kwa mtindo wa mafungu ujulikanao kama iTBS, dakika tatu na ushee, na shabaha iongozwe na picha ya MRI ya mgonjwa mwenyewe, bila ramani ya mawasiliano. Jaribio la Kanada la 2018, lenye watu 414, lilikwishaonyesha kwamba dakika hizo tatu hazipitwi na kikao cha zamani cha dakika 37 na nusu.

Kwa hiyo ubongo wake mwenyewe ndio ulioamua itifaki, ila kwa njia ambayo video haikuitaja.

Matibabu yalivyokwenda

Alisafiri na dada yake kwa treni hadi Dar es Salaam, kisha ndege ya usiku. Kituo kiliombwa mapema kisianze kesho yake; kukosa usingizi hushusha kizingiti cha degedege. Alilala siku mbili kwanza.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa CD ya MRI kutoka nyumbani. Picha zilikuwa na vipande vya milimita 5 vyenye mapengo katikati, na zilikata ncha ya pua na masikio. Kwa msomaji wa radiolojia anayetafuta uvimbe zinatosha. Kwa mfumo wa kuongoza koili hazifai kitu, kwa sababu kompyuta hulinganisha pua na masikio ya kwenye picha na yale ya mtu aliyeketi kitini. MRI ilirudiwa kwa gharama ya familia.

Kikwazo cha pili ni nywele. Alikuwa amesukwa rasta nene za kuongezea. Uga wa sumaku hufifia haraka kwa umbali: kila milimita inayoongezeka kati ya koili na ubongo hudai takribani 3% zaidi ya nguvu ya mashine ili kupata matokeo yaleyale. Rasta zilifumuliwa, akasukwa mistari myembamba isiyo na nyuzi. Akina mama waelezwe hili kabla ya safari, maana kufumua nywele za siku mbili katika nchi ya watu ni unyonge usio wa lazima kwa mtu ambaye tayari hana nguvu.

Kizingiti cha misuli kilipimwa kwa kutafuta nguvu ndogo kabisa inayochezesha kidole gumba cha kulia mara 5 kati ya mapigo 10. Kilikuwa 50% ya nguvu ya mashine. Tiba hutolewa kwa 120% ya kizingiti, yaani 60% ya mashine. Siku ya kwanza walianza chini zaidi, wakapandisha hadi siku ya nne, kwa sababu mapigo ya mbele hufinya ngozi na misuli ya jicho. Aliumwa kichwa siku tatu za mwanzo, parasetamo ikatosha. Vizibo vya masikio vilitumika kila kikao. Koili hupiga kelele kuliko inavyodhaniwa. Kizingiti kilipimwa upya kila Jumatatu, na wiki ya pili kilishuka hadi 47%. Bila kupima upya, angeendelea kupigwa kwa nguvu zaidi ya iliyokusudiwa, na yeye ndiye mwenye doa la chokaa.

Alama za MADRS, kipimo kingine cha uzito wa sonona kinachojazwa na mtaalamu, zilianza 34. Baada ya vikao 10 zilikuwa 29. Hapo dada yake alipiga simu Dodoma akisema wanataka kurudi: wiki mbili, pesa inaisha, na mgonjwa mwenyewe haoni tofauti. Timu iliwaambia kwamba nafuu huonekana mara nyingi baada ya wiki ya tatu, na kwamba usingizi umeshasogea kutoka saa tisa hadi saa kumi na moja ingawa mgonjwa hakulihesabu. Walibaki. Baada ya vikao 20 alama zilikuwa 20, punguzo la 41%. Kanuni iliyowekwa kabla ya kuanza ilisema: punguzo likivuka 30% bila kupona kabisa, viongezwe vikao 10. Vikaongezwa. Mwisho alama zilikuwa 14, punguzo la 59%. Kupunguza nusu huitwa kuitikia tiba. Kupona kabisa kungehitaji alama 10 au chini. Hakupata degedege.

Baada ya kurudi

Alirudi kazini wiki ya tatu, kwa nusu siku. PHQ-9 ilishuka hadi 6 mwezi wa pili. Alirudi kwaya.

Mwezi wa tano sertralini ilikosekana pale alipochukulia dawa kwa bima. Alipewa fluoksetini miligramu 20 "inafanya kazi ileile", na hakuna aliyeipigia kliniki simu. Wiki saba baadaye PHQ-9 ilikuwa 15. Iligunduliwa kwa sababu muuguzi alikuwa akimpigia kila baada ya wiki mbili na kumsomea dodoso. Mgonjwa mwenyewe alidhani sumaku "imeisha nguvu" na familia ilikuwa imeanza kuuliza habari za mkopo wa pili. Sertralini ilinunuliwa duka la nje, ikarudishwa hadi 150, vikao vya mwanasaikolojia vikaongezwa. Baada ya wiki saba alama zilikuwa 9. Mwaka mmoja tangu tiba, zilikuwa 8, na anafanya kazi siku nzima.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni mfuko wa dawa. Hakuna kifaa kilichohitajika, na bila huo mgonjwa mwenye doa la chokaa angefika kwenye koili akitumia tramado. Kuna swali la haki kwamba labda kuondolewa diazepamu na kutibiwa damu ndiko kulikoleta sehemu ya nafuu. Kwa kiasi, ndiyo: PHQ-9 ilitoka 21 hadi 18 kabla ya sumaku. Anguko kubwa lilikuja wakati wa vikao, sertralini ikiwa haijabadilishwa, lakini mtu mmoja hawezi kuwa kundi lake la kulinganishia, na wiki sita za kutunzwa na dada mbali na ofisi nazo zina uzito wake.

Kanuni ya 30% iliyoandikwa mapema ilizuia makosa mawili: kukata tamaa wiki ya pili, na kuendelea bila kikomo kwa mtu asiyeitikia. Iwekwe kwenye barua ya rufaa, si kwenye kumbukumbu ya daktari.

Kilichoshindwa ni maandalizi ya picha. Ombi la MRI liliandikwa "MRI ya kichwa" basi. Lingepaswa kusema: picha ya T1 ya pande tatu, vipande vya milimita 1 bila pengo, kichwa chote pamoja na ncha ya pua na masikio yote mawili, faili ghafi za picha (DICOM) kwenye CD na nakala kwenye flashi. Mistari miwili ingeokoa pesa ya kipimo kizima.

Kilichoshindwa zaidi ni mwezi wa tano. Rufaa ilipangwa hadi siku ya kurudi na ikaishia hapo. Akiba ya sertralini ya miezi miwili nyumbani ingegharimu sehemu ndogo sana ya tiketi. Mgonjwa angepewa pia kadi ndogo ya kumwonyesha mfamasia: dawa hii isibadilishwe bila kupiga namba hii.

Kuhusu itifaki ya siku tano, timu bado haiikatai kwa wagonjwa wengine wa kanda hii. Mgonjwa asiye na doa, asiye na tramado, mwenye wiki moja tu ya ruhusa kazini, anaweza kuwa ndiye hasa anayefaa. Awe tu amepigwa CT kwanza kama amekulia kwenye mazingira ya nguruwe, na asilipie ramani ya mawasiliano ya ubongo kwa kuaminishwa kwamba bila hiyo sumaku haifanyi kazi.

Jalada la Bi. T. lina mpango wa kurudia. PHQ-9 ikivuka 15 kwa wiki nne mfululizo, sertralini ikithibitishwa kwa kuhesabu vidonge, kituo kilekile kitaombwa kozi ya pili kwa nukta ileile iliyohifadhiwa kwenye mfumo wao. CT itarudiwa kabla. Rasta zitafumuliwa Dodoma.